Uliza Mama Mwalimu: Nyota hafifu zenye mimweko mikali

Katika toleo lililopita niligusia kwa sentensi moja tu kwamba Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiacha Jua, ina tabia ya kulipuka. Sentensi hiyo imeniletea barua na jumbe za simu kutoka Kigoma, Kasulu, Urambo, Nzega na Tabora mjini, kiasi kwamba nimemwomba mhariri anipe ukurasa mzima wa mwezi huu kwa jambo hili peke yake. Amekubali, namshukuru. Waliouliza kuhusu kupatwa kwa Mwezi wanivumilie hadi toleo lijalo.

“Shikamoo Mama Mwalimu. Nasoma kidato cha tano, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), hapa Tabora. Uliandika kwamba Proxima ni kibete chekundu, nyota ndogo na hafifu, halafu ukasema inatoa milipuko mikali. Mimi najua kitu kidogo kina nishati kidogo. Nguvu hiyo inatoka wapi?”

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba hukukubali tu kwa sababu mwalimu kasema. Swali lako lina mambo mawili yaliyofungwa pamoja: nguvu ya mmweko wenyewe, yaani huo mlipuko wa ghafla wa mwanga, na jinsi unavyoonekana ukilinganishwa na nyota ulikotokea. Tuyafungue moja moja.

Naanza na la pili, maana ndilo linalowachanganya wengi. Proxima ina takriban asilimia 12 ya uzito wa Jua. Ukijumlisha mionzi yake yote, ionekanayo na isiyoonekana, haifiki sehemu mbili kwa elfu za ile ya Jua. Uso wake una joto la nyuzi 2,700 hivi za Selsiasi, wakati uso wa Jua una kama 5,500. Kwa joto hilo, nyota hutoa zaidi mwanga mwekundu na mionzi ya joto. Buluu ni kidogo mno, na urujuanimno, ile mionzi isiyoonekana iitwayo ultraviolet, ni kama hakuna. Lakini gesi inayowaka wakati wa mmweko hufikia nyuzi 9,000 au 10,000, na mwanga wake ni mweupe unaoelekea buluu. Maana yake mwanga wa buluu unatokea ghafla mahali ambapo buluu haikuwepo.

Wavuvi wa dagaa wa huku kwetu Ziwa Tanganyika wanalijua hili kwa vitendo. Washa taa ya uvuvi saa saba mchana katikati ya ziwa, mtu aliyesimama ufukweni Kibirizi hataiona. Iwashe taa ileile usiku wa giza, itaonekana hadi kwa watu walioko juu kule mtaa wa Mwanga. Mmweko wa Jua ni taa ya mchana. Ule wa tarehe 1 Septemba 1859, ambao Mwingereza Richard Carrington aliuona alipokuwa akichora madoa ya Jua, ni miongoni mwa mikubwa tunayoifahamu, na bado watu waliokuwa nje siku hiyo hawakuhisi kwamba mchana umezidi kung'aa. Mmweko wa kibete chekundu ni taa ya usiku.

Ndiyo sababu takwimu za Proxima zinashtua. Mwezi Machi 2016, mtambo wa Evryscope kule Cerro Tololo, Chile, ambao ni kamera nyingi ndogo zinazotazama karibu anga lote kwa mpigo, uliiona nyota hii ikizidi mwanga wake wa kawaida takriban mara 68. Kwa muda mfupi ilikaribia kiwango ambacho jicho tupu linaweza kukiona penye giza la kweli. Kisha tarehe 1 Mei 2019, darubini ya anga ya Hubble, antena za ALMA za Chile na vyombo vingine vilikuwa vimeielekea kwa wakati mmoja, vikanasa mmweko ambao katika urujuanimno uliifanya nyota ing'ae mara 14,000. Mambo yote yalichukua sekunde saba hivi. Ningependa usome tena mstari huo polepole: mara elfu kumi na nne, kwa sekunde saba.

Ila usidhani kwamba yote ni ulinganisho. Vipo vibete vyekundu ambavyo mimweko yake inaishinda ya Jua hata ukipima nishati yenyewe. Tarehe 23 Aprili 2014, satelaiti ya Swift ilipata ishara kutoka DG Canum Venaticorum, jozi ya vibete vyekundu iliyo umbali wa miaka ya nuru 60 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), kila kimoja kikiwa na kama theluthi ya uzito wa Jua. Mmweko ule ulikadiriwa kufikia mara 10,000 ya mkubwa kuliko yote iliyowahi kupimwa kwenye Jua, na gesi yake ilifika nyuzi milioni 200. Kileleni, eksirei za mmweko peke yake zilizidi mwanga wote ambao nyota zile mbili hutoa zikiwa zimetulia. Na haukuwa mmoja. Mingine iliufuata kwa takriban majuma mawili.

Sasa nguvu inatoka wapi? Inatoka kwenye sumaku, mwanangu, haitoki kwenye muungano wa viini kule katikati. Katika Jua, ni sehemu ya nje tu, kama theluthi ya nusu kipenyo, ambamo gesi moto hupanda na iliyopoa hushuka. Katika nyota yenye chini ya takriban asilimia 35 ya uzito wa Jua, gesi hupanda na kushuka kutoka kiini hadi usoni, bila tabaka lolote lililotulia. Gesi hiyo ina chaji za umeme. Chaji zinazotembea huzaa sumaku, na nyota ikijizungusha kwa kasi sumaku huzidi. DG Canum Venaticorum inajizungusha mara moja kwa muda usiofika siku moja. Jua letu linahitaji siku 25 hivi kwenye ikweta yake.

Mistari ya sumaku hutokeza juu ya uso wa nyota ikiwa imepinda. Miguu yake imeshikwa na gesi inayotembea, kwa hiyo kila saa husokotwa zaidi, na nishati hujilimbikiza ndani yake kwa saa au siku kadhaa. Inafika mahali mistari inayoelekea pande zinazopingana inakutana, inakatika na kuungana upya kwa njia fupi zaidi. Nishati iliyokuwa akiba inaachiliwa kwa dakika chache. Elektroni zinarushwa chini kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, zinagonga gesi nzito karibu na uso, na gesi hiyo inapata joto nililokutajia. Ndiyo maana mchoro wa mmweko karibu siku zote una umbo moja: unapanda wima, halafu unashuka taratibu kwa mkia mrefu. Kupanda ni elektroni zikigonga, mkia ni gesi ikipoa.

Kwa hiyo kauli yako kwamba kitu kidogo kina nishati kidogo ibadilishe kidogo. Proxima ina nishati kidogo kuliko Jua, kweli kabisa. Lakini sehemu ya nishati hiyo inayopitia kwenye sumaku na kutoka kwa vishindo ni kubwa kuliko ilivyo kwenye Jua, na wewe wa PCM utaona mara moja kwamba hayo ni maswali mawili tofauti.

“Salaam Mama. Sisi ni wavuvi wa Kibirizi. Usiku mmoja wa giza, tumeshusha nyavu tunasubiri dagaa wapande, tuliona nyota upande wa kusini inawaka ghafla kuliko zote, kwa kama sekunde tano, ikazimika. Haikutembea. Ndiyo hiyo nyota yako?”

Salaam ndugu zangu, na poleni na kazi. Nimelipenda neno lenu “haikutembea”, kwa sababu limenisaidia sana.

Haiwezi kuwa Proxima. Hata ule mmweko wa Machi 2016 uliifikisha ukingoni tu mwa kuonekana, ingekuwa nukta ya kutafutwa na mtu anayejua pa kutazama. Na ninyi mna taa pembeni yenu. Jicho linahitaji kama nusu saa ndani ya giza ndipo lione nyota zilizo hafifu kabisa, na mtu aliyekaa karibu na taa za dagaa hapati hata dakika moja ya hilo. Hakuna kibete chekundu hata kimoja angani ambacho mtu wa kawaida anakiona bila chombo kikiwa katika hali yake ya kila siku. Kile kinachong'aa kuliko wenzake, kiitwacho Lacaille 8760, kinapungukiwa kidogo tu.

Mlichokiona nadhani ni kimoja kati ya viwili. Huenda ni satelaiti, au mabaki ya roketi yanayojizungusha, ambayo upande wake uliolainika uligeuka ukarudisha mwanga wa Jua kwenu kwa sekunde hizo. Ikiwa juu sana, mwendo wake hauonekani kwa muda mfupi hivyo. Au ni kimondo kilichokuwa kinakuja moja kwa moja upande wenu, kwa hiyo hakikuchora mstari, kiling'aa papo hapo kikaisha. Satelaiti iliyo chini huhitaji iwe bado inapigwa na Jua, basi hutokea zaidi saa chache za mwanzo wa usiku au karibu na alfajiri. Kimondo hutokea saa yoyote, na huwa vingi zaidi baada ya saa sita usiku.

Mkiona tena, naomba mniandikie saa, upande, na kilikuwa juu kiasi gani kutoka usawa wa maji. Mkiweza mtaje nyota za jirani, kwa mfano kama kilikuwa kushoto au kulia kwa Salibu, ule msalaba wa kusini mnaoujua. Kwa mambo hayo matatu naweza kuangalia kama kuna satelaiti iliyopita. Ninyi mko ziwani usiku wa giza wakati watu wa mjini wamelala. Macho yenu ni ya thamani kwangu.

Na nisiwavunje moyo kabisa. Tarehe 25 Aprili 2008, kibete kiitwacho EV Lacertae, umbali wa miaka ya nuru 16 na ushei, kilitoa mmweko uliokadiriwa kuwa na nguvu mara maelfu ya mkubwa wa Jua. Kama nyota ile ingekuwa juu katika anga la usiku wakati huo, mtu mwenye giza zuri angeweza kuiona kwa macho yake kwa saa moja au mbili. Kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana. Ni la nadra, na lingedumu zaidi ya sekunde tano.

“Mama Mwalimu, mimi nina genge Kasulu. Mtoto wangu amesikia habari ya nyota inayolipuka jirani na sasa haendi msalani peke yake usiku. Huo moto utatufikia?”

Mwambie mwanao bibi yake wa Ujiji amesema hapana. Kilomita trilioni 40 ziko kati yetu na Proxima. Mwanga, ambao hakuna kinachoushinda mbio, hutumia miaka 4 na miezi karibu mitatu kufika hapa. Ule mmweko wa Mei 2019 ulitokea kwake mapema mwaka 2015, wakati huo sijui kama huyo mtoto alikuwa amezaliwa. Mionzi ikisafiri umbali huo inakuwa imesambaa mno, na inahitaji vyombo vya hali ya juu hata kugundua kwamba ilikuwepo.

Nyota yenye mimweko inayotugusa ni moja tu, na ni Jua. Linapotoa mmweko mkali, redio za masafa mafupi hukatika kwa muda upande wa dunia wenye mchana, na simu zinaweza kukosea mahali ulipo. Mei 2024 tulipata dhoruba ya Jua kubwa kuliko zilizotokea kwa miaka ishirini, na watu walilala na kuamka salama. Mpeleke nje mwezi wa sita, mkae naye mkeka mmoja, umwonyeshe Salibu. Hofu ya mtoto hupungua akijua jina la kitu anachokitazama.

“Ni nani wa kwanza kuiona nyota ikifanya hivi? — Msomaji, Nzega”

Proxima yenyewe iligunduliwa hapa Afrika, mwaka 1915, na Robert Innes akiwa katika kituo cha falaki cha Johannesburg. Alikuwa akilinganisha picha za anga za miaka tofauti akaona nukta moja hafifu imesogea pamoja na Alpha Centauri. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba inalipuka.

Aliyeifanya dunia ilitambue jambo hili ni nyota nyingine, UV Ceti, moja ya jozi ya vibete vyekundu iliyoko kwenye kundi la Nyangumi, umbali wa miaka ya nuru 8.7. Willem Luyten ndiye aliyeitambua jozi hiyo mwaka 1948, na mwaka huohuo mmweko wake ukaonekana. Mwaka 1952 iling'aa mara 75 ndani ya sekunde 20. Nyota zote za tabia hii mpaka leo huwekwa katika jamii yenye jina lake. Mwaka 1951 Harlow Shapley wa Marekani akapekua picha za zamani za Proxima zilizokuwa zimehifadhiwa, akakuta kama picha 8 katika kila 100 zinaionyesha ikiwa na mwanga uliozidi. Ushahidi ulikuwa kabatini miaka yote ile. Kwangu hiyo ndiyo sehemu tamu ya historia hii, kwamba picha iliyopigwa kwa kazi nyingine na kutunzwa vizuri ilikuja kujibu swali ambalo mpigaji hakuwa nalo.

“Mwalimu mwenzangu, nafundisha Urambo. Wanafunzi wangu wamesoma kwamba Proxima ina sayari inayofanana na Dunia. Je, viumbe wanaweza kuishi chini ya nyota ya namna hiyo? Nimekosa jibu la kuwapa.”

Mwenzangu, hapa naomba tuwe waangalifu mimi na wewe, kwa sababu watoto hukumbuka tunachowaambia kwa uhakika. Tuwape kilichopimwa kwanza.

Sayari ipo. Inaitwa Proxima b, ilitangazwa Agosti 2016, na uzito wake si chini ya wa Dunia. Inaizunguka nyota yake kwa siku 11.2 tu, kwa umbali wa kilomita milioni 7.5 hivi. Inakaa karibu kwa sababu nyota ni hafifu. Ingekuwa mbali zaidi maji yangeganda. Sasa wape wanafunzi wako hesabu hii ubaoni. Dunia iko kilomita milioni 150 kutoka kwenye Jua, yaani mara 20 ya umbali huo. Nguvu ya mionzi hupungua kwa mraba wa umbali. Kwa hiyo mmweko wa ukubwa uleule unaipiga Proxima b kwa nguvu mara 400 ya vile ambavyo ungetupiga sisi. Ukaribu unaoipa joto ndio unaoifikisha kwenye hatari, na hapo ndipo ugumu wa suala zima ulipo.

Halafu wape mara ngapi. Chombo cha TESS cha NASA kiliitazama Proxima mwaka 2019 kwa siku kama 50 na watafiti wakahesabu mimweko 72. Mingi ni midogo. Lakini waliochambua ule mkubwa wa 2016 walipiga hesabu kwamba, kama sayari ina angahewa kama letu, mfululizo wa mimweko ya aina hiyo na chembe zinazorushwa pamoja nayo ungeweza kuondoa kama asilimia 90 ya ozoni katika miaka mitano. Bila ozoni, urujuanimno unafika chini. Na kwa muda mrefu zaidi kuna swali la angahewa lenyewe kubaki au kupeperushwa lote.

Mfano mwingine ni TRAPPIST-1, kibete chenye asilimia 9 tu ya uzito wa Jua, umbali wa miaka ya nuru 40, ambacho kinazungukwa na sayari saba. Habari zake zilitangazwa mwaka 2017. Darubini ya James Webb ilipima joto la sayari ya kwanza, ile iliyo karibu kabisa na nyota, na mwaka 2023 matokeo yakaonyesha upande wake wa mchana una nyuzi 230 hivi, bila dalili ya angahewa zito la kusambaza joto hilo. Ya pili nayo haikuonyesha angahewa zito la kabonidioksaidi. Hizo mbili zimo ndani mno, karibu na moto. Zile za nje ndizo zinazosubiriwa na kila mtu, nami nikiwemo.

Wengi huishia hapo wakasema mlango umefungwa. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu si za matumaini matupu. Mwaka 2021 Ekaterina Ilin na wenzake wa Potsdam, Ujerumani, walichunguza mimweko mikubwa ya vibete vinavyojizungusha kwa kasi, wakakuta kwamba iliyopimika ilitokea karibu na ncha za nyota, kati ya latitudo 55 na 81. Kwenye Jua mimweko hutokea karibu na ikweta, yaani inaelekea huku sayari zilipo. Kama tabia ya vibete vingi ni hiyo ya nchani, basi sehemu ya kishindo inaelekea juu na chini, nje ya njia ya sayari. Nyota walizochunguza ni nne tu, kwa hiyo nalitumia neno “kama” kwa makusudi.

Pili, maji. Mita kadhaa za maji hupunguza sana urujuanimno hatari, na wewe umefika ukanda wetu huu wa ziwa, unajua kina kinavyoweza kuwa. Tatu, wapo wanakemia wanaoonyesha maabara kwamba baadhi ya malighafi za uhai huhitaji urujuanimno ili zitengenezeke, na kibete kilichotulia hakitoi wa kutosha. Huenda mimweko ikaongeza kile kilichopungua. Nne, muda. Nyota kama Jua huishi miaka bilioni 10 hivi. Vibete vidogo huishi matrilioni, na kwa kadiri vinavyozeeka hupunguza kasi ya kujizungusha na mimweko huwa ya nadra zaidi. Si kwamba huisha: Nyota ya Barnard, yenye umri unaokadiriwa kuwa miaka bilioni 10, ilionekana ikitoa mmweko mwaka 1998.

Kwa nini nalijali jambo hili kiasi hiki? Kwa sababu takriban nyota saba katika kila kumi za kundi letu la Njia Nyeupe ni vibete vyekundu. Tukisema haviwezi kulea uhai, tumeitoa sehemu kubwa ya anga katika hesabu kwa mkupuo mmoja. Hukumu kubwa hivyo inataka ushahidi wa sayari nyingi, na hadi sasa tumepima chache. Waambie wanafunzi wako kwamba vipimo vya TRAPPIST-1 vinaendelea, na kwamba wao watakuwa watu wazima matokeo mengine yakitoka.

“Nina darubini ya mkono ya kuangalia wanyama. Naweza kuona Proxima nikiwa Ujiji?”

Kwa darubini hiyo hapana, jirani yangu. Proxima ni hafifu mara mia moja hivi kuliko nyota ya mwisho ambayo jicho tupu linaiona. Darubini yangu ina kioo cha milimita 150, nami huipata kwa kushika ramani ya nyota mkononi, maana upande ule wa anga umejaa nukta zinazofanana na haina hata rangi ya kuitambulisha. Kwa mwanga mdogo hivyo jicho halioni wekundu.

Lakini unaweza kupaona ilipo. Mwezi wa sita, saa nne usiku, tazama kusini. Utaona nyota mbili kali upande wa kushoto wa Salibu. Ile iliyo mbali zaidi na Salibu ni Alpha Centauri, inasimama kama nyuzi 34 juu ya upeo. Proxima iko jirani yake, kwa upana wa kidole gumba ukiwa umenyoosha mkono. Tazama kabla ya mwezi wa saba kwisha, maana baadaye moshi wa mapori yanayochomwa huziba anga la kusini na hata Salibu hupauka.

“Sisi ni klabu ya sayansi ya shule moja Tabora. Tuna kompyuta tatu, intaneti ya kusuasua, na kamera ya mwalimu. Tunaweza kufanya nini cha kweli kuhusu mimweko hii?”

Mengi, wanangu.

Anzeni na data za TESS. Ziko wazi kwa kila mtu bila malipo kwenye hifadhi ya MAST ya Marekani. Mchoro wa mwanga wa nyota moja ni faili dogo, mtandao wenu utalimudu usiku. Kuna programu ya bure iitwayo Lightkurve, inayotumia lugha ya Python, itakayowafungulia. Chukueni Proxima kwanza, kisha Wolf 359, kisha AD Leonis. Tafuteni lile umbo nililomweleza mwenzenu wa kidato cha tano: kupanda wima, kushuka kwa mkia. Mkiona nukta moja tu imeruka juu bila mkia, msiihesabu haraka; inaweza kuwa chembe ya mionzi ya angani iliyogonga kamera. Kila mmoja ahesabu peke yake bila kuangalia wa mwenzake, ndipo mlinganishe. Mtakapotofautiana ndipo mtajifunza zaidi.

Kamera ya mwalimu nayo ina kazi. Ikiwa na lenzi ndefu, ya milimita 200 au zaidi, juu ya stendi inayofuata mzunguko wa anga, inaweza kuinasa Proxima. Kamera ya kawaida huhifadhi nyekundu, kijani na buluu kando kando katika faili ghafi, kwa hiyo msitumie picha iliyobanwa. Pimeni kwenye buluu, maana mmweko ni wa buluu na nyota siyo. Nyota itaonekana hafifu zaidi hapo, ongezeni muda wa picha. Linganisheni mwanga wake na nyota mbili au tatu za jirani zilizomo kwenye picha hiyohiyo. Zikififia zote kwa pamoja ni wingu, ikizidi moja peke yake ni habari. Mkipata mfululizo mzuri, shirika la AAVSO la Marekani, ambalo tangu 1911 hukusanya vipimo vya nyota zinazobadilika mwanga, hupokea kazi za watu wasio na shahada yoyote, mradi vipimo ni safi.

Na hapa nasisitiza, kwa sababu mmweko wa dakika mbili ukiandikiwa saa isiyo sahihi hauna faida kwa mtu mwingine. Rekebisheni saa ya kamera kwa saa ya simu kila jioni kabla ya kuanza. Kwenye daftari na kwenye taarifa andikeni saa za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu: picha ya saa nne kamili usiku Tabora huandikwa 19:00, si 22:00, na wala si 4:00.